Ski Laini za Theluji ya Aprili

Yasmin mwanangu,

Hujambo sikuulizi, maana asubuhi nimekuona mwenyewe ukila mkate umesimama, na begi lako liko mlangoni tangu juzi kama la mpangaji aliyefukuzwa. Nakuandikia kutoka dukani, chumba cha nyuma, juu ya meza ya kazi. Duka limefungwa, pasi ya nta nimeizima, imebaki harufu yake tu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ninayoweza kukasirika kwayo vizuri. Kigujarati sikufundishwa kuandika, na Kiingereza changu ni cha risiti na cha daktari. Utaisoma polepole, utanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako, na tutaelewana nusu kama kawaida yetu.

Sikwambii uvae soksi za sufu wala ule vizuri. Una miaka ishirini na mbili, ukitaka kula chipsi kila siku shauri yako. Nataka kukwambia habari za ski, zile mbao zenu za kutelezea kwenye theluji. Najua umeshakunja uso: mama na ski zake! Ndiyo, mama na ski zake. Leo mchana nimegombana na Baba Mkubwa wako kwa ajili ya ski, nimemjibu uso kwa uso mbele ya baba yako, na kuanzia kesho sina kazi. Kwa hiyo safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakwenda Austria kufanya kazi hotelini, na Aprili imeshaingia. Theluji ya Aprili si ile ya kwenye kadi za Krismasi. Asubuhi inakuwa ngumu kama sakafu ya saruji, kwa sababu usiku imeganda. Jua likipanda inalegea, na kufika saa nane mchana imekuwa uji, tena uji mbaya, ule wenye mabonge. Ski ngumu na nyembamba inapenda asubuhi. Mchana ncha yake inazama, inang'ang'ania, mwili wako unaendelea kwenda na mguu unabaki nyuma. Haya wewe huhitaji kuambiwa. Goti lako linayajua kuliko mimi.

Lakini kuna mambo goti lako haliyajui, na mimi nimechoka kuyabeba peke yangu.

Wewe ulizaliwa Mombasa, lakini umekulia hapa Walthamstow, kwa Waingereza, na ile mila ya kutosemezana umeiona tangu mdogo ukadhani ni tabia yangu. Si tabia yangu hata kidogo. Kwetu Kibokoni, nyumbani kwa babu yako, tulikuwa tunasema sote kwa pamoja mpaka majirani wanagonga ukuta. Nilipoolewa ndipo nikaambiwa kwamba kwa watu wa ukoo wa baba yako, mke wa ndugu mdogo hasemi na ndugu mkubwa wa mumewe. Akiingia, unavuta mtandio. Ukiwa na neno unamtuma mtoto, au unaiambia hewa, na yeye akisikia amesikia, ila neno lisilopelekwa kwake ni kama halikusemwa. Mama mkwe alinieleza haya siku ya pili ya harusi huku akinivisha bangili, nami nikacheka nikidhani ananitania. Hakunitania. Mombasa niliyaweza, kwa sababu nyumba ilikuwa kubwa na kila mtu ana duka lake.

Huku sasa! Tulikuja mwaka ule wa mbio, kila mwenye pasi ya Kiingereza anakimbilia ndege kabla Waingereza hawajatufungia mlango. Baba Mkubwa wako alikuwa ametangulia, akatupokea, sikatai. Akatupa chumba juu ya duka lake, jiko moja la gesi kwa wote, na ngazi moja nyembamba. Mimi na yeye tulikuwa tukipishana kwenye ngazi ile kama wezi wawili waliokutana nyumba moja, yeye anatazama dari, mimi natazama vidole vyangu. Tangu siku ile nafanya kazi katika duka lake, na sijapata kumwambia hata habari ya asubuhi. Kuna wateja wanaodhani mimi ni bubu. Mama mmoja wa Kiingereza aliwahi kunisemesha kwa ishara za mikono, maskini, akinionea huruma.

Wewe ndiwe uliyekuwa mdomo wangu. Ulikuwa na miaka minne, unasimama kati yetu jikoni na sketi yako ya kijani. "Yasmin, mwambie Baba Mkubwa maji ya moto yamekwisha." Naye yuko pale pale, angenyoosha mkono angenigusa. "Yasmin, mwambie mama yako nitangoja." Ulikuwa ukigeuza kichwa huku na huku, unaona ni mchezo. Sisi wakubwa tulicheka. Leo nikikumbuka sioni cha kuchekesha.

Na duka lenyewe unalijua lilivyopatikana. Alilinunua kwa Mwingereza mzee pamoja na kila kilichokuwemo: raketi, mahema, viatu vya mpira, na ukutani zile ski, ndefu kama milango. Mombasa hawa walikuwa wakiuza sufuria, misumari na minyororo. Sufuria nzuri unaijua kwa kuigonga, ikilia vizuri ni nzito, ni ya kudumu. Basi Baba Mkubwa akazigonga ski. Wallahi nilimwona kwa macho yangu, anapita ukutani anagonga moja moja kwa kiganja, ameinamisha sikio. "Hizi ngumu ndizo nzuri," akamwambia baba yako. "Zile zinazokunjika uza haraka, zitatuaibisha." Baba yako akaitikia. Baba yako angeitikia hata angeambiwa ski zinaliwa.

Mimi nikawekwa huku nyuma na Mzee Franz, yule Mwaustria tuliyemkuta na duka, aliyekuwa akitengeneza ski na kuzipaka nta ziteleze. Niliwekwa huku ili nisionekane, si ili nijifunze. Franz hakuwa mtu wa kupendeza. Alikuwa akivuta sigara juu ya meza ya nta, anatukana kwa lugha yake, na jina langu hakulijua mpaka anaondoka. Lakini alisema nami. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, tukaelewana. Alinionyesha kusimamisha ski chini, nishike ncha kwa mkono mmoja na kuisukuma tumbo, pale katikati, kwa kiganja cha mkono wa pili. Ikikukatalia kama nguzo, hiyo ni ya baridi kali na ya watu wa mashindano. Ikikubali, ikajipinda vizuri kuanzia ncha, hiyo itapanda juu ya uji badala ya kuuchimba. "Aprili," alikuwa akisema, anapiga tumbo lake kubwa, "Aprili laini!" Kisha akarudi kwao, na kazi yote ikabaki kwangu, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuunguza vidole.

Sasa nafika Pasaka ile. Najua hupendi. Hata mimi sipendi.

Ulikuwa na miaka kumi na sita, shule yenu inakwenda milimani. Ulishuka dukani asubuhi, na Baba Mkubwa alikuwa amekutolea zile nyekundu zilizokuwa juu kabisa ukutani, ambazo hakuna aliyewahi kuzinunua. Zilikuwa nzuri kwa macho, nakubali. Akazigonga, zikalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba hiki, mtandio umenifika puani. Nilizijua zile, nilikuwa nimezipaka nta mara kadhaa, zilikuwa ngumu kama roho ya mdai kodi. Nikakwambia kwa Kiswahili, na wewe ulisikia vizuri sana: "Mwambie Baba Mkubwa hizi hazifai theluji ya Pasaka. Mwambie akupe zile fupi za kijivu." Ukanitazama. Ukazitazama nyekundu. Zile za kijivu zilikuwa zimechubuka, na rafiki zako watakuwepo. Ukamgeukia ukamwambia kwa Kiingereza, "Mama anasema ni nzuri sana, asante."

Nilisikia, Yasmin. Miaka yote unanisukumia kwamba nilijua nikanyamaza, na mimi nakujibu kwamba nilisema, wewe ndiwe uliyegeuza. Tumelirushiana hilo kama mpira. Leo nakwambia nilikusikia ukigeuza. Kiingereza changu kilikuwa kidogo lakini hicho nilikielewa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "La, sikusema hivyo," maneno matatu tu, na nikaona heri nimwone mwanangu anaondoka na ski mbovu kuliko wateja wasikie sauti yangu mbele ya shemeji. Niliita hiyo adabu. Wewe ulikuwa mtoto aliyetaka kitu chekundu. Mimi nilikuwa mtu mzima.

Na kama unadhani tulikuwa wawili tu wenye makosa, baba yako alikuwa kwenye kaunta. Alisikia Kiswahili changu na Kiingereza chako, vyote viwili anavijua, na akaendelea kupanga soksi. Baba yako ni mtu mzuri, kila mtu anasema hivyo. Uzuri wake umenichosha.

Baba Mkubwa alifurahi siku ile, uso mzima. Akachukua bisibisi, akakaza mwenyewe vile vifungio vinavyoshika buti kwenye ski mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Hazitamwacha njiani," akasema. Hapo ndipo roho iliponitoka kabisa, kwa sababu kifungio kimewekwa pale ili kiachie. Ukianguka, kifunguke mguu utoke. Lakini mtu aliyefunga mizigo maisha yake yote anajua kitu kimoja tu, kwamba kilichofungwa kisifunguke. Nilirudi humu ndani nikajifanya natafuta kitambaa.

Siku ya tatu mchana, theluji ikiwa uji, ncha ikazama, mwili ukazunguka, buti halikutoka. Kano za goti zikakatika. Ulirudi Heathrow kwenye kiti cha magurudumu na plasta mpaka pajani, umevaa sweta la mwalimu. Walikupasua mara mbili. Baba Mkubwa alikuja hospitali na zabibu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema ni bahati mbaya, Mungu ndiye mpangaji. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda chako, nimevuta mtandio, natazama vidole vyangu. Astaghfirullah, nilitamani Mungu anijibie.

Daktari alituambia wazi: likipinduka tena vile, hana tena cha kushona, utatembea na gongo. Nawe ulipopona ukarudi kwenye ski. Watu walisema una kichwa kigumu. Mimi sikukukataza, ingawa ulikuwa ukiniangalia ukingoja nikukataze ili ugombane nami. Nilijua kwa nini unarudi: kule juu hakuna anayekutuma neno. Hata mimi ningerudi, kama ningekuwa na mahali pa kurudi.

Basi leo. Wewe ulikuwa Tottenham kuwaaga wenzako. Baba Mkubwa akaingia na baba yako, wamebeba kitu kirefu kilichofungwa karatasi. Ski mpya. Nyeusi, ndefu, kiuno chembamba kama cha nyigu, za mashindano hasa. Alikuwa ameziagiza kwa ajili yako. Kesho asubuhi atakuja na gari, azifunge juu, akupeleke uwanja wa ndege, na jamaa wote wakitazama. Alisema mwana wa nduguye hawezi kwenda Austria kama mwombaji, akazigonga, zikalia, akamwambia baba yako: "Mwambie mkeo azipake nta. Vifungio nimeshavikaza."

Nikavua miwani. Nikaisimamisha moja, nikaisukuma. Ni kama kusukuma ukuta wa benki. Nikamwambia baba yako, taratibu, nikiwa bado na mtandio wangu kichwani kama mtu mwenye adabu zake: "Mwambie hizi ni za Januari. Mwambie Yasmin akizivaa Aprili mchana, goti limekwenda. Mwambie azirudishe alikoziagiza."   Baba yako akamtazama kaka yake, akasema, "Anasema atazipaka."

Yasmin, nilisikia masikio yakinilia. Mtu yule yule aliyekuwa akipanga soksi, duka lile lile, na maneno yangu yanageuzwa mbele yangu kama nimekufa. Nikasema, "Sikusema hivyo." Baba yako akaniashiria kwa jicho. Nikamgeukia Baba Mkubwa wako mwenyewe. Nikamwambia, "Baba Mkubwa, sikusema hivyo. Nimesema ski hizi hazifai, na hizi hapa hazipati nta yangu."

Unajua alifanya nini? Alitazama kalenda ukutani. Akaiambia kalenda, "Mwambie mkeo mimi nimeuza ski tangu hajui kuvaa soksi."

"Nakusikia," nikamwambia. "Umeuza. Lakini hujapata kuikanyaga theluji zaidi ya ile ya mlangoni kwako, na ile unaimwagia chumvi."

"Mwambie mkeo zawadi ni yangu, na mtoto ni wetu sote."

"Goti si la wote. Pasaka ile lilivunjika goti la mmoja."

Hapo akainama kuiokota ile karatasi ya zawadi. Nitakuambia ukweli, usidhani namchukia tu. Nilimwona akiikunja pembe kwa pembe, akaikunjua, akaikunja tena. Nadhani ski hizi ndizo radhi zake. Miaka sita anatafuta namna ya kukuomba msamaha bila kusema, na hakuna anachojua kufanya isipokuwa kununua kitu kigumu zaidi. Angesema neno moja tu angetuokoa sote. Hakulisema, nami huruma yangu ilikuwa imeshakwisha. Nikaongeza: "Ulikaza vifungio kwa mkono wako. Nilikuona. Nami nikanyamaza kwa sababu yako."

Ndipo akanigeukia. Mara ya kwanza, Yasmin, tangu nivishwe zile bangili, anitazame machoni. Ana macho mekundu ya uzee, sikuwahi kujua. Akaniambia mimi mwenyewe, bila mtoto, bila kalenda: "Ufunguo uuache kwenye kaunta."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia. Nikamjibu, "Vyema." Nini kingine?

Akatoka. Baba yako alibaki amesimama kati ya mlango na mimi, ski nyeusi mikononi, anatazama huku na huku kama wewe na sketi yako ya kijani. Nikangoja. Nilitaka kuona. Akasema, "Ungeniachia mimi nizungumze naye polepole," kisha akamfuata kaka yake garini, na ski akazibeba. Usimchukie. Au mchukie kidogo, kisha umpigie simu, kwa sababu atakuwa peke yake nami na mimi si mtu wa kukaa naye siku hizi.

Kwa hiyo ski zile ziko kwao na kesho zitakuja. Kumwomba baba yako amzuie ni kazi bure, umeona. Mimi nimeshasema, na nimeona bei yake.

Sikupi ski nyingine badala yake. Nilifikiria. Ziko hapa za kijivu, nimezishika, nimezisukuma, zinakunjika vizuri. Ningeweza kuzipaka nta laini ya majira ya joto na kuzificha kwenye begi lako, ufike huko ukute mama amekuchagulia. Kisha nikajiona mjinga. Theluji ya huko sijaiona. Sote hapa tunakuchagulia ski za theluji tusiyoiona, tumesimama Walthamstow tunagonga mbao. Nenda mikono mitupu. Ukifika, kodi huko huko kijijini, kwa mtu anayeichungulia theluji kila asubuhi. Mwambie habari ya goti lako kabla ya habari nyingine yoyote, hata kama ni kijana mzuri na unaona haya. Ziwe fupi kuliko unavyotaka. Ziwe pana kidogo mbele. Zigeuze, upitishe kucha chini yake. Kuwe na mikwaruzo midogo midogo ya kupitisha maji, maana ski laini chini kama kioo inanata kwenye theluji mbichi kama sahani kwenye kitambaa cha plastiki. Ncha zisiwe na makali. Na kile kifungio, mwambie akilegeze mbele yako, kisha pigapiga buti pembeni mpaka lichomoke. Lisipochomoka, usitoke nje. Mchana ukihisi magoti yanabishana na theluji, vua, shuka kwa miguu, waache wacheke. Kuchekwa hakuhitaji plasta.

Usitafute fumbo humu, nazungumzia ski. Watu wa kwetu tuna ugonjwa wa kufumba kila kitu, ndio uliotufikisha hapa.

Jambo jingine na nimalize. Najua huendi Austria kwa ajili ya hoteli. Umetuchoka. Umechoka kusimama katikati ya watu wazima ukibeba maneno ambayo kila mmoja anayasikia. Ungeniambia tu. Ningelia siku moja, kisha ningekushonea koti. Mimi nilipotoka Mombasa mama yangu hakuniambia lolote la maana, alinihesabia masanduku tu, nami nikamlaumu mpaka alipokufa. Sasa naona labda alikuwa na maneno na hakuwa na mtu wa kumtuma. Nakuonea wivu, mwanangu, kwa uchungu kabisa. Unaondoka na lugha nne na mdomo mmoja ulio wako.

Kesho nitasimama mlangoni. Baba Mkubwa atashuka garini, atatabasamu, ataweka ski zile mikononi mwako mbele ya jirani na mbele ya baba yako. Usinitazame. Sitakuashiria kwa jicho wala kukohoa. Siku nyingine nilinyamaza kwa sababu niliogopa, kesho nitanyamaza kwa sababu jibu ni lako, na mtu wa kulipeleka hayupo. Atahuzunika, huenda akakasirika, huenda gari likaondoka bila wewe. Nimeacha nauli ya basi na treni chini ya birika, wala usinirudishie chenji.

Ukizikataa, nipigie ukifika, tuzungumze upuuzi, uniambie chakula cha hotelini kibaya. Ukizichukua, Yasmin, usinipigie mpaka theluji yote iyeyuke, kwa sababu kila simu itakayolia nitadhani ni hospitali.

Mama yako